Asante Iliyobaki Kwenye Rasimu

"Yule dada hayupo tena. Ameondoka tangu mwisho wa mwezi uliopita."

Nilikuwa nimempigia simu mteja wetu mmoja kuulizia jambo dogo la malipo, na aliyepokea alikuwa kijana nisiyemfahamu. Nikamuulizia mhasibu niliyemzoea. Akanipa jibu hilo, kisha akasema kwa adabu kwamba kama si siri, labda yeye angeweza kunisaidia. Akanisaidia kweli. Hazikupita dakika tatu.

Nilipokata simu nikafungua folda ya rasimu kwenye barua pepe yangu. Bado ilikuwamo. "Dada, habari za kazi. Nimekuwa nikitaka kukuandikia kuhusu". Baada ya neno hilo la mwisho hakuna kitu. Tarehe yake ilikuwa ya wiki saba nyuma.

Wiki saba.

Mimi na mwenzangu tunahariri na kupanga kurasa za ripoti za watu. Ankara tuliyompelekea mteja huyu ilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu. Nilipokuwa nanakili jedwali, mstari mzima wa malipo ya uhariri ulidondoka, na ndani yake karibu theluthi ya fedha zote. Mistari iliyobaki ilijumlishwa sawasawa, kwa hiyo ankara ilionekana safi kabisa. Mtu angeitazama mara kumi asione kitu.

Yule dada aliona kwa sababu aliisoma mkataba ukiwa pembeni. Angeweza kulipa kilichoandikwa, faili likafungwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akanipigia.

"Kaka, hebu fungua mkataba wenu, ukurasa wa nne. Umefungua? Sasa itazame ankara yako."

Nikatazama. Mwili ukaniisha nguvu.

Nilimwambia asante palepale, mara tatu au nne, kwa sauti ya mtu aliyevutwa shati gari likiwa linapita. Jioni nikamtumia kwenye WhatsApp kile kipicha cha viganja viwili vilivyounganishwa. Nikajiambia kwamba barua yenyewe, ya maana, itafuata.

## Barua iliyokwenda

Naomba nijitetee kidogo. Barua ya shukrani ilikwenda. Ilikwenda kwa mkurugenzi wake, kwenye karatasi yenye nembo yetu, siku tano baada ya malipo kuingia. Nakala ninayo. Naiweka hapa kama ilivyo, nikiondoa majina:

"YAH: SHUKRANI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Uongozi wa kampuni yetu unapenda kutoa shukrani za dhati kwa ushirikiano mkubwa mnaoendelea kutupatia. Ni matarajio yetu kwamba uhusiano huu mzuri utadumu na kwamba mtaendelea kututumia katika kazi zenu zijazo."

(Uongozi unaotajwa hapo ni mimi na mwenzangu. Siku ile mwenzangu alikuwa na mafua, kwa hiyo uongozi ulikuwa mimi.)

Nimeisoma barua hii mara nyingi kuliko inavyostahili. Ukibadilisha jina la anayeandikiwa unaweza kuituma kwa mtu yeyote, mwaka wowote, hata kwa kampuni ambayo hatujawahi kufanya nayo kazi. Hakuna tendo hata moja linalotajwa. Hakuna mtu. Kitenzi pekee chenye uzito ni "kututumia", na kiko mwishoni, mahali ambapo macho ya msomaji yanatua. Ni ombi la kazi lililovaa joho la shukrani.

Jibu lilitoka kwa katibu muhtasi, neno moja: "Imepokelewa."

Wakati ule nilijisikia vibaya, nikaona wamenidharau. Leo naona katibu yule aliisoma barua yangu vizuri kuliko nilivyoiandika.

## Neno lenyewe

Tunasema asante mara nyingi hadi tumeacha kulisikia. Limetoka kwenye Kiarabu, ahsanta, na kule ni kitenzi kamili kinachomwelekea mtu aliye mbele yako: umefanya vyema. Ndiyo maana wako wanaoshikilia kuandika "ahsante" na h yake, na mimi sina ugomvi nao.

Sasa linganisha na "nashukuru". Hapo ninayezungumziwa ni mimi, na moyo wangu, na hali yangu. Asante, kwa asili yake, haisemi lolote kuhusu mimi. Inasema kuhusu wewe na ulichokifanya.

Sitaki kutunga sheria kutokana na asili ya neno. Maneno yakishahama kwao huishi maisha mengine, na hakuna anayeachiwa kiti akawaza kitenzi cha Kiarabu. Lakini liliniachia kipimo ambacho sikuwa nacho: je, ujumbe wangu unasema mwenzangu alifanya nini vyema? Kama hausemi, basi nilichoandika ni salamu.

Nikajaribu kuandika upya, kwa kujifurahisha tu, kama vile yule dada angalikuwa bado yupo kwenye meza yake:

"Ulifungua mkataba ukaulinganisha na ankara yetu, ukaona mstari wa uhariri haupo, ukanipigia kabla hujapitisha malipo. Bila simu ile, mwezi ule nisingeweza kumlipa mwenzangu."

Sentensi mbili. Ya kwanza inasema alichofanya, ya pili inasema kilichotokea kwa sababu hiyo. "Za dhati" imetoka yenyewe. "Mkubwa" imetoka. Sikuwafukuza, walikosa mahali pa kukaa.

## Hofu ya kujipendekeza

Basi kama sentensi mbili zilitosha, wiki saba zilikwenda wapi?

Ningependa kusema kazi zilikuwa nyingi. Hazikuwa nyingi kiasi hicho. Ukweli ni kwamba kila nilipofungua ile rasimu niliona aibu fulani ya kitoto. Atanionaje? Mtu mzima, mwenye kampuni, anamwandikia mhasibu wa mteja barua ya mapenzi kuhusu ankara. Ataona najipendekeza. Ataonyesha wenzake. Na hata asiponiona hivyo, maneno yenyewe hayakuja: mengine yalikuwa mazito kama ya msibani, mengine mepesi kama ya tangazo la sabuni.

Mwaka 2018 watafiti wawili, Amit Kumar na Nicholas Epley, walichapisha katika jarida la Psychological Science majaribio yanayohusu hofu hii hii. Waliwaomba watu waandike barua za shukrani kwa mtu aliyewagusa maishani, kisha wakawauliza wakisie mpokeaji atajisikiaje. Halafu wakawauliza wapokeaji wenyewe. Waandishi walikosea upande uleule: walikadiria chini mno furaha ya mpokeaji na jinsi atakavyoshangaa kujua kwa nini anashukuriwa, na wakakadiria juu mno jinsi atakavyoona haya. Kisha kuna sehemu iliyonichoma mimi: mwandishi anahangaika na ufundi wa maneno yake, wakati mpokeaji anatazama zaidi wema uliomo.

Nilipoyasoma haya nikapumua. Baadaye kidogo nikaona haya, maana kumbe nimekaa wiki saba nikirembesha kitu ambacho msomaji wake hakitazami.

Ila sitaki kuutumia utafiti huu kama fimbo. Mtu aliyekugusa maishani, tuseme mwalimu wako wa zamani, hana ankara zako mezani. Kwenye biashara kuna maslahi katikati, na mpokeaji ana haki ya kujiuliza unataka nini. Hofu yangu ya kuonekana najipendekeza haikuwa ya kijinga yote. Nusu yake hivi.

Kuna jambo jingine kuhusu kuchelewa ambalo sijaona mtu akilisema. Deni la shukrani lina riba. Ukiandika siku ileile, sentensi mbili zinatosha. Ukikaa wiki, unaona inafaa ziwe nne, moja ikiwa ya kuomba radhi. Ukikaa mwezi unaanza kudhani inahitajika insha, na kwa kuwa huna muda wa insha, unaahirisha tena. Rasimu yangu ilikufa pale kwenye "kuhusu" kwa ugonjwa huo. Sasa naamini kuchelewa kunastahili nusu sentensi, "nimechelewa kukuandikia haya", kisha unaendelea na jambo lenyewe. Ukijaza aya nzima ya visingizio unamlazimisha unayemshukuru akufariji wewe.

## Shukrani au chambo?

Hapa ndipo nilipokwama siku nyingi zaidi.

Marekani aliwahi kuwapo muuzaji wa magari aitwaye Joe Girard. Mwaka 1973 peke yake aliuza magari 1,425, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikamwandika. Inajulikana kwamba kila mwezi alituma kadi kwa wateja wake zaidi ya 13,000, kwa sababu hii au ile, na ndani ya kadi ujumbe ulikuwa kwamba anakupenda. Simdharau. Kuandika bahasha 13,000 si mchezo. Lakini kadi ile haikuwa inakushukuru kwa lolote. Ilikuwa inakukumbusha kwamba siku gari lako likichoka, Joe yupo.

Halafu kuna watafiti wengine wawili, Adam Grant na Francesca Gino, ambao mwaka 2010 walionyesha kwamba asante ndogo inalipa. Watu walisaidia kupitia barua ya kuomba kazi ya mwanafunzi fulani. Baadaye mwanafunzi akawaomba msaada mwingine. Waliokuwa wamepata jibu kavu la kuwa maoni yao yamepokelewa, asilimia 32 walikubali kusaidia tena. Waliokuwa wameshukuriwa, asilimia 66.

Mara mbili, na zaidi kidogo.

Mtu wa mauzo akisoma hapo anafurahi. Mimi nilinywea. Nikishajua kwamba shukrani inaleta kazi, nitamshukuruje mteja kwa moyo mweupe? Kila sentensi naitilia shaka: hii nimeiandika kwa sababu ni kweli, au kwa sababu inafanya kazi? Mwenzangu aliniambia nafikiri sana, na kwamba mvuvi hata akiwapenda samaki atakwenda na ndoano tu. Hilo halikunisaidia.

Kilichonisaidia ni kujikamata mwenyewe. Turudi kwenye simu ile. Kijana aliposema "ameondoka", kabla sijasikitika, kabla sijajilaumu, kwa sekunde moja hivi nilisikia nafuu. Basi, yamekwisha. Hakuna tena haja ya kuandika.

Sekunde hiyo ndiyo iliyonikosesha raha wiki hizi zote.

Kwa maana kama shukrani yangu ingekuwa kwa kile alichofanya, kuondoka kwake kusingebadilisha kitu. Tendo liko palepale. Mwenzangu alilipwa mwezi ule, na mwezi ule hautafutika. Kilichobadilika ni kimoja tu: yule dada hawezi tena kupitisha ankara zangu. Kumbe barua niliyokuwa nimeibeba kichwani wiki saba ilikuwa na ndoano, na samaki alipohama, mvuvi akakunja nyavu.

Tangu hapo najiuliza swali moja kabla ya kutuma: kama mtu huyu angeacha kazi leo jioni, ningemwandikia? Ikiwa ndiyo, naandika. Ikiwa hapana, naandika barua ya biashara na kuiita hivyo. Barua ya biashara si dhambi. Nina wateja ambao ninawaandikia kwa sababu nataka warudi, nao wanajua, na tunaheshimiana.

Kinachoharibu ni kuchanganya. Ujumbe wa asante wenye orodha ya bei mpya chini yake. Asante inayokumbusha deni. Asante yenye kiungo cha kubonyeza. Kama nina ombi, linaweza kusubiri siku tatu lije na bahasha yake.

## Natanguliza shukrani

Hapa naomba nitoe dukuduku la miaka mingi, halafu tuendelee.

Mwaka 2017 kampuni ya Boomerang, inayotengeneza programu za barua pepe, ilichambua mazungumzo zaidi ya 350,000 ya barua pepe ili kuona ni mwisho gani wa barua unaopata majibu zaidi. Ulioongoza ulikuwa ule wa kushukuru kabla: karibu asilimia 66 zilijibiwa. Kwa hiyo sisi wa "natanguliza shukrani" tulikuwa mbele ya wakati.

Nakubali inafanya kazi. Ninaijua pia ikiwa imenielekea mimi. Ukishashukuriwa kwa jambo ambalo hujalifanya, kukataa kunakuwa kama kurudisha kitu ulichokwisha pewa. "Asante kwa kuniletea kazi kabla ya saa nne asubuhi" si asante. Ni amri iliyopigwa pasi.

Haya, tuendelee.

## Si kila kitu kiandikiwe barua

Nilipoanza kuandika makala hii nilikuwa na joto la mtu aliyetubu. Nilitaka kumshukuru kila mtu kwa maandishi. Kwa siku mbili nilifanya hivyo, na mwenzangu, baada ya kupokea ujumbe wa kumshukuru kwa kuwasha printa, aliniuliza kama niko sawa.

Mwaka 2018 pia, Simeon Floyd na wenzake walichapisha utafiti uliorekodi mazungumzo ya kawaida ya watu wa lugha nane katika mabara matano, ikiwamo Siwu ya Ghana. Mtu anaomba apewe kisu, asogezewe kitu, asaidiwe kushika. Akishapewa, anashukuru kwa maneno takriban mara moja tu katika kila mara ishirini. Kati ya wasemaji wa Cha'palaa huko Ekuado hakuna hata neno la kawaida la kusema asante. Wala si watu wasio na shukrani. Kusaidiana kumekuwa kama hewa, na hewa haiandikiwi barua.

Nadhani ofisini ni vilevile. Anayefanya kazi yake vizuri kila siku hahitaji tamko kila jioni. Ukimshukuru kwa kila hatua ataanza kusikia mshangao ndani yake, kana kwamba hukutegemea aweze. Barua ina mahali pake pale mtu anapovuka mstari wa alichopaswa kufanya. Yule dada alipaswa kuhakikisha kwamba mwajiri wake halipi zaidi. Kuhakikisha kwamba mimi silipwi pungufu hakukuwa kwenye maelezo ya kazi yake.

Nikiwa bado nabishana na nafsi yangu, mwenzangu alinirushia methali: tenda wema nenda zako. Dada ametenda, dada ameenda, wewe unamfukuzia nini?

Ilinifaa kwa nusu siku. Kisha nikaona tatizo. Methali ile anaambiwa mtendaji, ili asikae mlangoni akingoja kushukuriwa. Hakuna mahali inapomwambia aliyetendewa kwamba na yeye aende zake. Nimeishi miaka mingi chini ya kivuli cha mti usio wangu.

## Nakala kwa bosi wake

Kulikuwa na hofu ya tatu, na hii naitetea hadi leo.

Mara nyingi tunashauriwa: ukimsifu mtu, mpe nakala mkubwa wake. Ni ushauri mzuri. Sifa anayosikia mtu peke yake inamfurahisha, sifa anayosoma bosi wake inaweza kumpandisha cheo. Lakini fikiria kesi yangu. Simu ya yule dada ilimfanya mwajiri wake alipe na ile theluthi iliyokuwa imedondoka. Ni haki, mkataba unasema hivyo, mkaguzi yeyote makini angeliibua mbele ya safari. Hata hivyo, bosi mwenye jicho kali angeweza kuisoma barua yangu akauliza: huyu mwenye kampuni anakusifu kwa kututoa fedha? Unatufanyia kazi sisi au yeye?

Kwa hiyo barua yangu kwa mkurugenzi ilikuwa ya jumla. Nilijiambia kwamba namlinda. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba mkurugenzi yule hakuwahi kujua ana mhasibu anayesoma mikataba hadi ukurasa wa nne, akamwacha aondoke bila hata kujaribu kumbakiza. Nimejiuliza hili usiku, na sina namna ya kulijibu.

Mwenzangu, ambaye kwenye makala hii anaonekana kama mtu wa mizaha lakini ndiye mwenye akili kati yetu, alisema: "Si ungemuuliza?"

Haikuwa imenijia kabisa. Kwamba mtu anayeshukuriwa anaweza kuulizwa. "Dada, ningependa mkuu wako ajue ulichofanya. Una neno?" Angesema ndiyo au hapana, na mimi ningelala.

Swali hilohilo linafaa kwa watu wanaoshukuru mbele ya umati, wakaweka picha ya mhusika na jina lake mtandaoni na nembo ya kampuni pembeni. Mara nyingi hilo ni tangazo letu lililoazima uso wa mtu mwingine. Linafaa pia kwa zawadi, na hapa si suala la haya tu. Kampuni nyingi zina kanuni za zawadi, na sheria za rushwa za baadhi ya nchi haziishii kwa watumishi wa umma. Ile ya Uingereza ya mwaka 2010 inagusa waziwazi hata mambo ya kampuni binafsi kwa kampuni binafsi. Mhasibu anayepitisha ankara zako akipokea kifurushi kutoka kwako, umempa na fomu ya kujaza na maelezo ya kutoa. Karatasi yenye sentensi mbili haimpi mzigo huo.

Bosi anayemwandikia aliye chini yake ana njia nyepesi zaidi. Doug Conant, aliyeongoza Campbell Soup, kampuni ya vyakula ya Marekani, kuanzia 2001 hadi 2011, inasemekana aliandika kwa mkono wake vikaratasi vya shukrani takriban 30,000 kwa wafanyakazi wa kampuni yenye watu kama 20,000. Kinachonivutia si wingi. Ni kwamba alikuwa na watu wa kumsaidia kutafuta nani kafanya nini, ili kila karatasi iwe na tendo lake. Mwaka 2009 alipata ajali mbaya ya gari, na akiwa kitandani hospitalini karatasi zikaanza kurudi, safari hii zikiandikwa kwake.

## Mengine kwa haraka

Mwandiko wa mkono unapendeza iwapo karatasi itafika. Barua pepe inafaa, na WhatsApp nayo inafaa kwa jambo dogo kati ya watu waliozoeana, ingawa kipicha cha viganja peke yake sikihesabu tena. Muhimu zaidi, atie sahihi mtu. "Uongozi" hauwezi kushukuru, hauna moyo.

Ukitoka kwenye usaili, andika ndani ya siku moja, ujumbe mfupi, bila kuuliza majibu yatatoka lini. Kama waliokusaili walikuwa watatu, wasipate maneno yaleyale, kwa maana wanakaa chumba kimoja. Hakikisha majina. Nimewahi kushukuriwa kwa jina la mtangulizi wangu, kwa aya tatu zenye hisia.

Na aliyekunyima kazi kwa maelezo ya kweli amekupa muda wake. Huyo pia aandikiwe, ingawa si siku ileile. Siku ileile maneno yanakuwa na meno.

## Barua yenyewe

Nilimpigia tena yule kijana. Sikumwomba namba ya dada, nilijua si yake kuitoa. Nilimwomba amfikishie anwani yangu ya barua pepe na kumwambia kwamba si suala la kazi. Akacheka kidogo, akasema sawa.

Siku tatu baadaye nikapata ujumbe wa mstari mmoja: "Kaka, nimeambiwa unanitafuta. Kuna ankara imekwama?"

Nikamjibu jioni ileile:

"Dada, hakuna ankara. Nimechelewa kukuandikia haya. Mwezi ule ulifungua mkataba wetu hadi ukurasa wa nne, ukaona nilichokiacha, ukanipigia kabla ya kulipa. Ndiyo maana tuliweza kulipana mishahara mwezi ule. Sikuwahi kukwambia hivyo."

Niliisoma mara mbili nikitafuta mahali pa kuweka "za dhati". Nikatuma.

Jibu lilikuja kesho yake mchana.

"Ahsante kaka. Mimi nilidhani ulikasirika, maana ulinyamaza ghafla. Nikasema labda nimemwaibisha. Halafu ile ankara yenu iliyofuata namba ya akaunti ilipungua tarakimu moja. Sikutaka kukupigia tena, nikatumia ile iliyopo kwenye mfumo."

Nimeifungua ile ankara. Nimehesabu tarakimu kwa kidole, kisha nikamwita mwenzangu naye akahesabu.